Mtungi Kwenye Karatasi: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Michoro ya Rangi za Maji ya Kubunia Vyombo

Wengi wanaoingia kwenye karakana yetu hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, wanakuja kutafuta chungu cha mboga au mtungi wa maji. Wakishachagua, macho yao hupanda ukutani, kwenye karatasi tulizobandika: mitungi, majagi, mabakuli na vyetezo, vyote vimechorwa kwa rangi za maji. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nimeyajibu kwa mdomo kwa miaka mingi, mara nyingi mikono ikiwa na udongo na mteja mwingine akisubiri, na majibu ya namna hiyo hukatika katikati. Hapa nimeyaandika kwa utulivu.

Hizi ni picha za mitungi mnayoiuza?

Hapana. Hii ni mitungi ambayo bado haijafinyangwa, na mingine haitafinyangwa kamwe. Mchoraji wa picha anaweka mtungi mezani, anautazama, anauchora. Mbunifu hana mtungi. Ana karatasi tu, na anachokichora ndicho atakachokifuata mfinyanzi, mfua fedha au mpuliza kioo. Ndiyo maana kwenye mchoro wa kubuni utaona mambo ambayo picha haina: mstari mwembamba wa penseli unaoshuka katikati, vipimo pembeni, pengine chombo kimekatwa nusu ili unene wa ukuta wake uonekane.

Ipo aina ya tatu, mchoro wa kumbukumbu, nao huwachanganya watu. Kati ya 1935 na 1942, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Marekani iliwalipa wachoraji waliokosa kazi wachore vitu vya zamani vya watu wa kawaida wa nchi hiyo: magudulia ya udongo, mabirika, samani, wanasesere. Mkusanyiko huo, Index of American Design, una michoro ipatayo 18,000, mingi ikiwa ya rangi za maji, na umehifadhiwa National Gallery of Art kule Washington. Ukilitazama gudulia lililochorwa humo utaona hata mdomo uliomeguka na doa la moshi. Mimi hutumia kipimo hicho hicho kila mara: natafuta ufa. Chombo cha kubuni hakina ufa, kwa kuwa hakijaishi bado.

Kwa nini rangi za maji, na si rangi za mafuta au penseli peke yake?

Kwa sababu rangi ya maji inapitisha mwanga. Mwanga hupenya rangi, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi machoni. Glezi, ule mng'ao kama kioo juu ya chombo cha kauri, hufanya hivyo hivyo: mwanga hupenya, hugonga udongo, hurudi. Kwa hiyo mchoro wa rangi za maji unakaribia tabia ya chombo chenyewe kuliko rangi nzito ya mafuta. Angalia sehemu inayong'aa kwenye bega la mtungi uliosuguliwa kwa kokoto. Hapo mchoraji hakupaka kitu; ni karatasi iliyoachwa wazi. Kuacha ni kazi ngumu kuliko kupaka, na mwanafunzi hulijifunza hilo mwishoni.

Kuna sababu ya soko pia. Anayetaka jagi la fedha au seti ya kauri anataka kuona rangi kabla hajatoa pesa. Rangi ya maji hukauka upesi, karatasi hukunjwa ikasafirishwa, mteja akakubali au akakataa kabla gramu moja ya fedha haijayeyushwa. Giulio Romano, mchoraji na msanifu aliyehamia Mantua huko Italia mwaka 1524 kumtumikia mtawala wa mji, alibuni vyombo vingi vya mezani kwa wino na rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji. Vyombo vyenyewe vya fedha karibu vyote viliyeyushwa baadaye. Karatasi imebaki. Kila ninapomsikia mtu akisema "kikaratasi tu hicho", namkumbuka yeye.

Jambo moja zaidi ninalolipenda. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliochanganywa na utomvu wa miti ya jamii ya mgunga. Na ule unga mwekundu wa bei nafuu zaidi, okra nyekundu, ni udongo wenye madini ya chuma, ndugu wa udongo mwekundu ambao wafinyanzi wetu huupaka chungu kabla ya kukisugua. Ukichora chungu chekundu kwa okra, umekichora kwa kitu kile kile kinachokifanya kiwe chekundu.

Nikisimama mbele ya mchoro, nianzie wapi kutazama?

Usianzie kwenye maua. Fumba macho nusu hadi nakshi zipotee na ubaki na kivuli cheusi cha umbo. Ukipenda kivuli, endelea. Usipokipenda, hakuna ua litakalokiokoa.

Kiswahili chenyewe kimetupa ramani. Mtungi una mdomo, una shingo, una mabega, una tumbo, una kitako, na mingine ina masikio au mikono. Utazame kama unavyomtazama mtu aliyeingia ukumbini. Swali la kwanza: tumbo limepanuka wapi? Likiwa juu, karibu na mabega, chombo kinasimama kama mtu aliyevuta pumzi akatanua kifua. Kinafaa kuonekana kwa mbali. Likiwa chini, chombo kimekaa, kama mama aliyetulia mkekani akisubiri wageni; hicho ni chombo cha kuhifadhi, cha kukaa pembeni mwa chumba na kupoza maji. Likiwa katikati kabisa, mara nyingi umbo hudorora, na mbunifu inabidi alisaidie kwa shingo ndefu au kwa mkanda wa nakshi.

Swali la pili: tumbo linageukaje kuwa shingo? Kuna mgeuko laini, usioweza kuuonyesha kwa kidole, na kuna mkunjo mkali kama kiwiko. Mkunjo mkali unafaa chuma na fedha. Udongo unaupenda ule laini, na mchoraji aliyewahi kufinyanga huonekana hapo hapo. Nimeona michoro mizuri kabisa ambayo ingepasuka siku ya kwanza ya kuanikwa, kwa sababu shingo nyembamba imebebeshwa juu ya bega tambarare.

Swali la tatu: kinagusaje chini? Kitako cha mviringo ni cha mafiga, cha mchanga, na cha ngata kichwani. Kitako bapa ni cha meza na kabati. Kwa mstari huo mmoja tu mchoraji amekwisha kukuambia chombo kinaingia nyumba ya nani. Wanafunzi wangu wa mjini huchora kitako bapa bila kufikiri. Waliokulia Ukerewe au Magu, kwa bibi zao, huchora mviringo.

Mwisho, tazama hewa. Kati ya mkono wa jagi na tumbo lake kuna uwazi, na uwazi huo una umbo lake. Ukiwa mzuri, jagi zima hupumua.

Kwa nini upande wa kushoto wa mchoro huu haufanani na wa kulia? Mchoraji alikosea?

Hakukosea. Amempa mteja vyombo viwili kwenye karatasi moja: mkono wa kushoto ni pendekezo la kwanza, wa kulia la pili. Ni desturi ya zamani ya wabunifu, nayo huokoa karatasi. Weka kipande cha kioo cha kujitazamia kwenye mstari wa katikati, utaona chombo kizima upande mmoja, kisha mwingine.

Mdomo umechorwa kama yai, na kitako kimejipinda zaidi ya mdomo. Ni makosa?

Ni sahihi. Duara likitazamwa kwa mshazari huonekana kama duaradufu. Jicho likiwa juu ya chombo, kila duara lililo chini zaidi huonekana limefunguka zaidi, kwa hiyo mstari wa kitako lazima ujipinde kuliko mdomo. Anayechora mdomo wa yai halafu akapiga kitako kwa rula amechora vyombo viwili vilivyogombana.

Baadhi ya wabunifu hukwepa jambo hili kwa kuchora chombo mbele kabisa, usawa wa macho, mdomo ukawa mstari ulionyooka. Hapo wanamfikiria fundi na vipimo vyake kuliko macho ya mteja.

Nakshi zinajuaje mahali pa kukaa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Pambo halikai popote linapotaka. Chombo kina viungo, na nakshi njema hukaa kwenye viungo: mkanda mwembamba pale shingo inapoanza, kama ushanga, mkanda mpana begani, mahali jicho linapotua kwanza, mistari ya wima chini, ikikimbilia kitako, ili chombo kionekane chepesi. Mistari ya mlalo hunenepesha. Mistari ya wima hurefusha. Mistari ya mshazari huzungusha chombo hata kikiwa kimetulia. Tumboni, mbunifu mwenye busara huacha nafasi, kwa sababu hapo ndipo mikono hushika na hapo ndipo udongo wenyewe unataka kuonekana.

Halafu kuna hesabu, na iliniumiza. Zamani nilibuni mtungi wa mkanda wa samaki begani. Kwenye karatasi walipendeza sana, kila mmoja sentimita nane. Bega lilikuwa na kipenyo cha sentimita 20, yaani mzingo wa karibu sentimita 63. Samaki saba walikaa vizuri, kisha ikabaki nafasi isiyotosha samaki wa nane. Mfinyanzi, mama mtu mzima mwenye mkono mtulivu, alilazimika kumbana yule wa mwisho mpaka akaonekana mgonjwa. Aliniambia, "Mwanangu, karatasi yako ina mbele tu. Chungu kina mgongo." Tangu siku hiyo nagawa mzingo kwanza. Kwa bega lile, samaki tisa wa sentimita saba wangekutana mkia kwa kichwa bila ugomvi. Na ukiwashusha tumboni, kwenye kipenyo cha sentimita 36, mzingo unafika 113. Inabidi wawe wengi zaidi au wanenepe. Kwa hiyo unapoutazama mchoro, jiulize nyuma kuna nini. Mchoraji mzuri anakujibu kwa namna alivyokata nakshi pembeni: samaki wa ukingoni anageuka na kupotea, hakatwi kama kwa mkasi.

Je, kila ua na kila mnyama ana maana?

La. Mengine ni raha ya macho, na raha ya macho inatosha. Lakini pale maana ilipo, ukiijua, chombo hubadilika mbele yako.

Maana nyepesi zaidi ni ile inayotaja kilichomo: zabibu kwenye jagi la divai, pomboo na matete kwenye birika la maji. Giulio Romano alipenda sana mambo hayo ya majini.

Maana nyingine hutoka kwenye lugha, na hapo mgeni hapaoni. Wachina huchora popo kwenye vyombo vyao kwa sababu jina la popo na neno la heri hutamkwa namna moja, fu. Popo watano ni heri tano. Huku kwetu popo akichorwa kwenye bakuli la chai watu wangekataa kulinunua. Ua la tulipu kwenye vyombo vya Iznik huko Uturuki, vile vya buluu na kijani vilivyopata ule wekundu wao wa ajabu katikati ya karne ya 16, lina siri ya namna hiyo: kwa maandishi ya Kiarabu neno la Kituruki *lale*, yaani tulipu, huandikwa kwa herufi zile zile za jina la Allah, zikiwa zimepangwa upya. Yeyote aliyesoma madrasa anaweza kujithibitishia kwa penseli. Michoro ya vyombo vile ilitoka kwa wachoraji wa kasri la Sultani, ikapelekwa kwa wafinyanzi ikiwa kwenye karatasi.

Na maana nyingine hutoka kwenye tabia ya kitu. Yungiyungi huota kwenye matope na ua lake hutoka safi. Wabudha wakalifanya ishara ya usafi wa moyo. Komamanga limejaa mbegu, likawa dua ya watoto wengi kwa maharusi. Yungiyungi tunazo wenyewe kwenye ghuba zetu hapa ziwani, na huhitaji kwenda Uchina kuelewa kwa nini mtu alisimama akalitazama.

Ziwani kwetu kuna alama zetu?

Zipo, na ni za kale kuliko wengi wanavyodhani. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, watu waliofua chuma kando ya ziwa hili walifinyanga vyungu ambavyo wataalamu wanaviita vya Urewe, kwa jina la mahali upande wa Kenya. Kwa upande wetu vimechimbuliwa sana mkoani Kagera. Mdomo wake una kingo zilizokatwa kwa mshazari, begani kuna mistari iliyochanjwa ikakingamana kama wavu, na kitakoni, kwenye baadhi yake, kuna kibonyo kilichobonyezwa kwa kidole. Ni kwa kibonyo hicho vilivyoitwa mwanzoni, vilipoelezwa kitaalamu mwaka 1948, kabla ya kupewa jina la Urewe. Fikiria kidogo: pambo liko mahali ambapo chombo kikisimama halionekani. Anayelijua ni yule anayekiinua, anayekiosha, anayekigeuza. Mimi nimeliweka hilo kwenye michoro yangu mingi, na nalionyesha kwa kuchora kitako peke yake kwenye kona ya karatasi.

Baadaye ikaja nakshi ya kamba. Mfinyanzi husokota kamba fupi ya majani au nyuzi, huiviringisha juu ya udongo mbichi, nayo huacha alama ndogo ndogo kama punje za mtama. Udongo uwahi ungali maji, wahenga walisema, na kwa nakshi hii wamesema kweli tupu. Kuichora kwa rangi za maji kunahitaji brashi iliyokauka kidogo, iburuzwe kwenye karatasi yenye vinyweleo, rangi ishike juu ya vinundu tu. Ukitumia brashi yenye maji mengi, kamba inageuka tope.

Rangi nazo husema. Kwa wazee wengi wa Kisukuma nyeusi ni rangi ya wingu linaloleta mvua, kwa hiyo chungu cheusi si cha huzuni. Mgeni kutoka mbali akiona karatasi imejaa nyeusi huuliza nani amekufa. Mkulima wa pamba huiona mvua.

Alama nyingine tunazitengeneza sisi wenyewe, kwa yale tuliyoyaona. Mmoja wa wanafunzi wangu alibuni mtungi wenye furu begani, wadogo, wengi, kila mmoja na rangi yake, na chini, kwenye giza la kitako, sangara mmoja mkubwa amezunguka chombo chote. Furu walikuwa mamia ya aina ziwani humu. Sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Sangara huyo huyo amejenga nyumba na kulipa ada za shule hapa Mwanza. Mtungi ule hausemi nani mwema. Ila umbo linasaidia maana: unapoumimina, sangara anapanda juu na furu wanashuka. Sijaona mchoro wa mwanafunzi ulionigusa zaidi.

Kwa nini mmeweka nyoka kwenye mtungi? Baadhi yetu tunaogopa.

Tunaulizwa hili karibu kila Jumapili, watu wakitoka ibadani. Kwa Wasukuma chatu ana historia ya ngoma. Vikundi vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa ngoma kizazi baada ya kizazi, Bayeye ni mabingwa wa nyoka na dawa zake, na mchezaji kujivika chatu shingoni uwanjani ni sifa. Kwa msomaji wa kitabu cha Mwanzo, nyoka ni mdanganyifu wa bustanini. Wote wawili wanasimama mbele ya mtungi mmoja. Simlaumu anayeogopa, na sitaufuta mchoro. Ninamwomba tu atazame namna mwili wa nyoka unavyofuata tumbo la mtungi, unavyopungua shingoni, na kichwa kilivyotulia kwenye mdomo kama anakunywa. Hakuna mnyama anayelielewa umbo la mviringo kama huyu.

Mkisema "chombo" mnamaanisha chungu au mtumbwi?

Kiswahili kinaturuhusu vyote viwili, nami sioni sababu ya kuvitenga. Vyote ni ngozi nyembamba inayotenganisha maji na pasipo maji. Kimoja kinayazuia ndani, kingine kinayazuia nje. Mitumbwi ya kale ya visiwa vya Sese, upande wa Uganda, ilishonwa mbao kwa mbao, na omo yake ilichomoza mbele ikapambwa pembe na manyoya. Nenda Mwaloni, soko la samaki la hapa Kirumba, asubuhi utazame mitumbwi ya leo: mkanda wa rangi ubavuni, jina au dua karibu na omo, pembetatu, nyota. Pambo liko kwenye viungo, kama kwenye mtungi. Tunawapeleka wanafunzi pale na madaftari yao kabla hawajachora mtungi wa kwanza.

Rangi hizi zitabaki hivi hivi chombo kikichomwa?

Hazitabaki, na hapa ndipo mchoro unapomdanganya asiyejua. Rangi ya maji ni ahadi tu ya rangi. Uchomaji wetu wa kuni, nyasi na samadi hufika kati ya nyuzi 600 na 900 hivi; utomvu wote huungua. Okra ya njano ikiingia motoni hutoka nyekundu. Oksidi ya kobalti ni nyeusi kwenye brashi, lakini ndani ya glezi, kwenye tanuri la joto kali, hutoka buluu. Shaba hutoa kijani penye hewa ya kutosha na nyekundu pasipo na hewa. Na weusi wetu wa mvua hatuupaki: tunakitoa chungu kikiwaka, tunakifukia kwenye pumba au majani, kinakosa hewa, kinanyonya moshi. Mbunifu anayezijua hizi kazi huchora rangi ya mwisho, kisha anaandika pembeni kwa penseli rangi ya kuanzia.

Mchoro unahamaje kutoka karatasini kwenda kwenye udongo?

Nakili nakshi kwenye karatasi nyembamba, toboa mistari yake kwa sindano, ibandike kwenye chombo, kisha pigapiga juu yake kitambaa chenye unga wa mkaa. Ukiiondoa utakuta nukta nyeusi za kufuata. Ni mbinu ya karne nyingi. Kwa chombo cha mviringo, kata karatasi vipande vyembamba kama maganda ya chungwa, la sivyo itajikunja.

Nahitaji vifaa gani kuanza, na hali ya hewa ya Mwanza inafaa?

Karatasi ndiyo ya kutolea pesa. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi hujikunja ikilowa. Brashi mbili za mviringo zinatosha, moja nene na moja nyembamba, na rangi tano: okra ya njano, okra nyekundu, kahawia iliyokolea, buluu ya ultramarini na nyeusi. Usinunue seti kubwa ya rangi 36 ya watoto. Niliwahi kuuziwa moja kwenye duka la mjini, na ndani ya mwaka waridi na zambarau zake zilikuwa zimepauka zikawa kijivu.

Masika, karatasi hukauka polepole, kwa hiyo tunapaka tabaka moja asubuhi na la pili mchana. Na kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji. Jioni wakija, funga madirisha na funika kazi mbichi, maana wanatua kwenye rangi na kuganda humo.

Naruhusiwa kutumia alama za watu wengine?

Mistari na maumbo ya kawaida, tumia. Alama za watawala, za ibada, za mizimu, uliza kwanza. Namaanisha uende kwa mzee, ukae chini, useme unataka kuichora kwenye nini. Kuna alama ambayo mzee mmoja alinikubalia niichore kwenye mtungi wa maji, akanikataza kuichora kwenye kisahani cha majivu. Aliona tofauti ambayo mimi sikuwa nimeiona, na alikuwa na haki. Pwani, kule Kunduchi, walichukua mabakuli ya Uchina wakayajengea kwenye nguzo za makaburi. Alama za mbali zilipewa kazi ya heshima. Kukopa kunategemea sana mahali unapoweka ulichokikopa.

Wapi naweza kwenda kutazama?

Anzia Bujora, Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement yana ngoma, viti na vyombo vya watemi, na jengo moja lina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Hapo utaona jinsi umbo lenyewe linavyoweza kuwa alama bila nakshi hata moja. Ukiwa na simu na bando, makumbusho ya Cooper Hewitt ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1897, imeweka mtandaoni michoro mingi ya wabunifu wa vyombo, na ile 18,000 ya Washington nayo inatazamika. Ivute picha mpaka uone alama za sindano na penseli.

Nimenunua mchoro. Niutundike wapi nyumbani?

Mbali na dirisha. Nyumba za huku zina jua kali linaloakisiwa na ziwa, na makumbusho makubwa hayaruhusu zaidi ya lux 50 hivi kwenye rangi za maji, mwanga hafifu kuliko wa sebule nyingi. Okra na ultramarini ni ngumu. Nili na wekundu wa kochinili, ule unaotokana na wadudu, hupauka. Uweke ndani ya kioo, lakini kioo kisiguse karatasi, kwa kuwa unyevu wetu utavigandisha. Na usiutundike jikoni, hata kama ni mchoro wa chungu. Ukishautundika, mlete bibi yako autazame. Mwulize chombo hicho angekitumia kwa nini, halafu utuandikie alichosema.